Akina Joji, Jembe Liko Wapi?

Hivi ni nani aliyeturoga kwenye suala la majina? Mtu akienda kununua simu anauliza betri inakaa saa ngapi, kamera ikoje, waranti miezi mingapi. Akienda kununua kuku wa sikukuu anampapasa kifua, anamfunua mabawa, anamkagua hadi kucha kama anakwenda kumwoa. Lakini jina, kitu ambacho mtoto atatembea nacho mpaka kaburini, na huko kaburini likaandikwe tena, hapo hatuulizi chochote! Linadondoka tu. "Aitwe Joji." Kwa nini? "Zuri." Basi, kikao kimefungwa.

Nimesonya mpaka meno yanacheza.

Maana huyu Joji, ndugu zangu, amejaa. Simama hapa barazani uite "Joji!" uone: watageuka vijana kadhaa, bajaji moja itafunga breki, na kuna mtoto atalia dirishani akidhani anaitwa kuoga. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni George, kwa bibi yake ni Joji, shuleni ni Jojo, na wakimpata dada yake wanamwita Jojina ili ukoo ukamilike. Kila mtaa una Baba Joji wake. Na ukimkamata huyo Baba Joji ukamwuliza kisa cha kulichagua jina hilo, atakaza shingo, atakohoa kidogo, atakwambia: "Mimi nataka mwanangu awe mtu wa ofisini. Kiyoyozi, tai, kiti cha kuzunguka. Sitaki aje kushika jembe kama babu yake."

Mtume! Makubwa haya, madogo yana nafuu. Baba Joji, kaa chini kwanza, mtu asije akakuokota. Joji maana yake mkulima.

Ndiyo. Sikutunga mimi, wametunga Wagiriki wenyewe, na jina ni lao. Kwao mkulima aliitwa georgos, wakimaanisha mtu wa kazi ya ardhi. Ge ni ardhi, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye jiografia, lile somo tulilochapiwa viboko kwa kushindwa kutaja mito. Ergon ni kazi. Ukiviunganisha unampata mtu wa jembe, mbolea, magugu na kufukuza ngedere. Mshairi wa Kirumi Virgil, mnamo mwaka 29 kabla ya Kristo, alimaliza utenzi wa vitabu vinne kuhusu mazao, miti, mifugo na nyuki, akauita Georgics, na hakuna aliyemwuliza ni nani huyo George, kwa sababu kila mtu alijua ni habari za shamba. Sasa wewe, Baba Joji, umemkimbiza mwanao shamba kabla hajaota jino, halafu ukaenda mwenyewe kwa miguu yako kumpigia muhuri wa shamba kwenye cheti cha serikali. Na muhuri umeulipia!

Ngoja niwape kioja. Nimepanda daladala, imeshona, watu tunapumuliana visogoni. Kituo kimoja akapanda bibi mmoja na kiroba chake cha viazi, udongo bado unapukutika, anaomba apishwe akae. Konda akamkata jicho. "Toa mzigo wako mlangoni, mshamba wewe!" Gari zima kimya, bibi wa watu akajikunyata. Mara dereva huko mbele akapiga honi: "Joji! Joji, twende zetu bwana!" Jamani, nilicheka mpaka jirani yangu akashika mkoba wake vizuri. Bibi kaleta viazi mjini tule, anaitwa mshamba. Anayemtukana ameitwa mkulima mbele ya padri, akamwagiwa na maji, na ubani ukafukizwa. Nyani haoni kundule, wahenga walimaliza.

Lakini tusimwonee konda peke yake. Mchezo huu wa kubeba jina la mkulima huku jembe ukilipiga chenga ni wa zamani mno, na aliyeufanya ujulikane dunia nzima ni mtakatifu. Mtakatifu Joji mwenyewe, yule wa kwenye picha. Masimulizi yanasema alikuwa askari katika jeshi la Roma, akauawa karibu na mwaka 303, wakati Kaisari Diocletian alipowaandama Wakristo, na kaburi lake linaheshimiwa Lydda, mji wa Palestina ya kale unaoitwa Lod siku hizi. Jina mkulima, ajira jeshini. Mnaona lilivyoanza?

Haikutosha. Karne nyingi baadaye watu wakaona kufia imani ni jambo dogo, wakamwongezea joka. Kitabu cha visa vya watakatifu alichokusanya Jacobus de Voragine katika karne ya 13 ndicho kilichosambaza habari hiyo Ulaya. Ati kulikuwa na mji Libya uitwao Silene, na joka likikaa kwenye ziwa lake. Kila siku linataka kondoo. Kondoo walipoanza kupungua, likaanza kupewa watoto kwa kura, mpaka kura ikamwangukia binti wa mfalme. Hapo ndipo Joji akatokea na farasi, mkuki na nguo zinazopepea. Hebu tafakarini. Mtu anayeitwa Mkulima anafika mahali ambapo mifugo imeliwa, wafugaji wamefilisika, na hakuna anayemwonyesha akiuliza habari ya kondoo hata mmoja! Wachoraji wote wamemkazia mkuki. Angalau mmoja angemchora na reki.

Na umaarufu ulimpeleka mbali. Waingereza wamemfanya msimamizi wa nchi yao, kila tarehe 23 Aprili wanatoa bendera, na yeye mwenyewe hakukanyaga Uingereza hata kwa bahati mbaya. Waethiopia ndio usiseme. Kule Lalibela kuna kanisa lake, Bete Giyorgis, lililochongwa kuingia chini ndani ya mwamba mmoja kwa umbo la msalaba, kazi ya kukufanya ufunike mdomo. Addis Ababa kuna timu ya mpira ya Mtakatifu Giyorgis iliyoanzishwa mwaka 1935, na kuna bia inayobeba jina lake pia, kwa hiyo mtu anaweza kumshangilia Joji alasiri, akamnywa jioni, na Jumapili akaenda kumwomba amsaidie na maumivu ya kichwa. Karibu na Bethlehemu nako kuna kijiji cha al-Khadr chenye kanisa lake, na Waislamu na Wakristo wote huenda hapo kuweka nadhiri, maana Waislamu wa huko humnasibisha na Khidhri, ambaye jina lake ni la ukijani. Afadhali huko! Angalau kuna harufu ya majani.

Sasa njooni kwa wafalme. Eeh, mola wangu. Hapa ndipo pa kushika kiuno.

Waingereza walikaa karne na karne bila mfalme hata mmoja aitwaye George. Mwaka 1714 wakaishiwa na warithi wa karibu wa Kiprotestanti, wakawaruka ndugu zaidi ya hamsini waliokuwa karibu zaidi kwa damu, kwa kosa la kuwa Wakatoliki, wakaenda kumchukua bwana mmoja Hanover, Ujerumani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Huyo ndiye George wa Kwanza. Akafuatiwa na wa pili, wa tatu na wa nne, mfululizo hadi 1830. Miaka zaidi ya mia moja nchi inatawaliwa na watu wanaoitwa Mkulima, wenye soksi za hariri na nywele za bandia zilizopakwa unga. Unga wenyewe, jamani, unga wa kuliwa! Mkulima gani anajipaka unga kichwani watu wana njaa?

Wa tatu wake ndiye kiboko. Huyu George wa Tatu alipenda kilimo kwelikweli. Alikuwa na mashamba Windsor, anazunguka kuangalia kondoo, anajua habari za mbolea. Wachora katuni wa London wakaona wamepata pa kumchekea, wakamwita George Mkulima. Wakajisikia wajanja. Hawakujua kwamba wanamwita Mkulima Mkulima! Tusi lilikuwa limeshatamkwa siku ya ubatizo, wao wanalirudia tu. Na yeye mfalme naye, badala ya kusimama kifua mbele, alipotuma barua zake za kilimo kwenye jarida moja la wakulima alisaini "Ralph Robinson". Uuuwi! Mtu umepewa jina lenye maana ya mkulima, unaandika habari za ukulima, halafu hapohapo unajificha kwa jina la kuazima. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Na aliyemnyang'anya makoloni ya Marekani aliitwa nani? George! George Washington. Vita vizima vya Mkulima na Mkulima mwenzie, na hakuna kati yao aliyerudi nyumbani na malengelenge ya mpini. Washington alipenda kujitaja kuwa mkulima, na shamba la Mount Vernon alikuwa nalo kubwa la kutosha. Ila alipofariki mwaka 1799 palikuwa na watumwa zaidi ya 300 pale, hao ndio waliokuwa wakiinama. Yeye jina, wao kazi. Wagiriki walisema ge na ergon, ardhi na kazi. Mzee huyu akachukua ardhi, kazi akawaachia wengine.

Msicheke sana, maana na sisi ilitupata. Mwaka 1921 ilipoanza shilingi ya Afrika Mashariki, upande mmoja ilikuwa na simba na milima, upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Tano na jina lake kwa Kilatini. Wakati huo kuna kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na mtoza kodi hapokei mtama wala kuku, anataka sarafu. Basi mtu wa Tanganyika au Kenya, mkulima wa kwelikweli, anayeamka na jogoo, anaacha shamba lake anakwenda kukata mkonge kwenye shamba la mzungu ili apate kipande cha chuma kilichoandikwa Mkulima, akampelekee karani, ili aruhusiwe kurudi kulima. Kaa na hilo kidogo. Mkulima anamtafuta Mkulima, akimpata anamtoa palepale.

Na mfalme aliyefuata kuweka kichwa chake kwenye shilingi yetu hakuwa hata na jina hilo mdomoni mwa watu. Alikuwa Albert, nyumbani kwao wakimwita Bertie. Mwaka 1936 kaka yake alipokitupa kiti kwa ajili ya mapenzi, huyu akakikalia, akachagua kuitwa George wa Sita ili watu watulie. Jina lake likabandikwa mpaka kwenye hospitali kubwa ya Nairobi, ile ambayo baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Mkulima mgonjwa anapelekwa hospitali ya Mkulima mfalme, ambaye jina lake ni Albert. Kama hujachanganyikiwa, hujasikiliza.

Na Wagiriki, wenye jina lao? Msiulize. Mwaka 1863 walitaka mfalme. Ugiriki nzima imejaa akina Yorgos, ukirusha jiwe sokoni linampata mmoja na linadunda kwa mwingine. Wakaacha wote hao, wakaenda Denmark kumchukua kijana wa miaka 17 ambaye kwao aliitwa Wilhelm, wakamleta Athens, wakamwita George. Wagiriki wameagiza Mgeorge kutoka nje! Ni sawa na Pemba kuagiza karafuu. Akatawala miaka karibu hamsini, mpaka alipopigwa risasi Thessaloniki mwaka 1913. Masikini, siku zote hizo alikuwa anaitikia jina la kazi ambayo hakuwahi kuifanya, katika lugha aliyojifunza ukubwani.

Sasa nendeni Urusi, huko utani unageuka shubiri. Warusi walilipiga jina hili mpaka likawa Yuri na Yegor. Na walikuwa na Siku ya Yuri, tarehe 26 Novemba kwa kalenda yao ya zamani, mavuno yakiwa yamekwisha ghalani. Sheria ya mwaka 1497 ilisema mkulima anayelima ardhi ya bwana anaweza kuhama kwenda kwa bwana mwingine katika wiki moja kabla ya siku hiyo na wiki moja baada yake, akishalipa anachodaiwa. Mwaka mzima umefungwa, wiki mbili tu mlango uko wazi. Angalau siku ya Mkulima ilikuwa ya mkulima kweli. Basi watawala wakaiangalia hiyo siku, wakaona inawasumbua, na mwishoni mwa karne ya 16 wakaizuia. Wakulima wakabaki wamefungwa kwenye ardhi kama miti. Warusi wakabaki na msemo wa kumwambia bibi, haya bibi, ndiyo Siku yako ya Yuri hiyo, mtu anapoahidiwa kitu akaishia kushika hewa.

Nasi tuna yetu, Nanenane, sikukuu ya wakulima. Nani kati yenu amewahi kumwona mkulima Nanenane? Semeni ukweli. Tunaokwenda ni sisi wa mjini, tumevaa miwani ya jua, tunapiga picha na boga kubwa kuliko mtoto, tunakula mishikaki, tunamwuliza mtaalamu wa banda swali moja la aibu, "Hivi karanga zinaota juu au chini?" tunarudi nyumbani tumechoka kama tuliolima sisi. Mkulima mwenyewe yuko kijijini, anasikiliza hotuba yake kwenye redio ya jirani. Hotuba inamwita uti wa mgongo. Mwaka 1972 kule Iringa chama kilitangaza Siasa ni Kilimo. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza. Uti wa mgongo umesifiwa mpaka umepinda.

Na angalieni ulimi wetu wenyewe. Kijana akifunga magoli, tunasema "huyu ni jembe!" Karani akimaliza kazi mapema, jembe. Mwanasiasa akipiga kelele bungeni, jembe. Kila mtu ni jembe, ila mpe jembe lenyewe alishike uone atakavyokutazama. Anayelishika jembe kweli tunamwita mshamba. Nisaidieni kusonya, mimi mate yamenikauka.

Wako walioliokota jina hili kwa hiari, na hao walau wana akili zao. Eric Blair, Mwingereza, alipotaka jina la kuandikia vitabu alijiita George Orwell. Mwaka 1936 akahamia kijijini, akawa anafuga mbuzi na kuku na kupanda mboga. Halafu mwaka 1945 akatoa kitabu gani? Cha shamba! Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, nguruwe wanachukua madaraka, yaliyobaki mnayajua, maana Fortunatus Kawegere alikitia kwenye Kiswahili, kikatoka mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na wengi wetu tulikisoma tukitazamana kwa pembe ya jicho tukijua ni nani katika mtaa huu ni nguruwe. Mkulima kaandika Shamba. Huyo kalipa deni la jina. Kabla yake kulikuwa na mwanamke, Mary Ann Evans, binti wa msimamizi wa mashamba, aliyeandika riwaya za watu wa vijijini akijiita George Eliot ili wanaume wamsome bila kukunja pua. Mwone, mwanamke kalivaa jina la kiume la Mkulima, kalitendea haki kuliko wafalme wanne kwa mpigo.

Lakini ukitaka Joji aliyestahili, Joji wa kusimama na kumpa mkono, ni George Washington Carver. Alizaliwa utumwani Missouri, karibu na mwaka 1864. Akasoma kwa taabu mpaka akawa mtaalamu wa mimea, na mwaka 1896 akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Huko ardhi ilikuwa imenyonywa na pamba mpaka imekuwa majivu. Akawaambia wakulima weusi maskini: pumzisheni shamba, mwaka huu pamba, mwaka ujao karanga, kunde, viazi vitamu, udongo urudishiwe nguvu. Wengine hawawezi kufika chuoni? Mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa na wanyama, likajazwa vifaa na mbegu, likawafuata vijijini. Shule inakuja mpaka kizingitini! Na wenye kupenda uongo wakamzulia kwamba ndiye aliyegundua siagi ya karanga. Hakugundua, na hakuhitaji. Aliwafundisha watu kula karanga zao kwa njia zaidi ya mia moja na kuokoa ardhi yao, wewe unataka nini tena?

Hata hapa kwetu tulikuwa na mmoja aliyelikaribia jina. Mzee George Kahama, kabla hajawa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, alikuwa meneja mkuu wa ushirika wa wakulima wa kahawa Bukoba miaka ya 1950, na uzeeni akarudi kuwa waziri wa ushirika na masoko. Sisemi alipalilia mwenyewe, sikuwepo shambani. Lakini Joji anayehangaika mkulima apate bei ya buni yake, huyo hata Wagiriki wangemtambua.

Kuna na Joji Weah wa Liberia, nisije nikapigwa na vijana wa mpira. Mchezaji bora wa dunia mwaka 1995, baadaye rais wa nchi yake. Mwaka ule wa 1996, akiichezea Milan dhidi ya Verona, alichukua mpira kwenye eneo la hatari la timu yake mwenyewe, akapita na kila aliyemkuta, mpaka akafunga upande wa pili. Uwanja mzima kaulima tuta kwa tuta. Tunamhesabia.

Na ninyi mnaoona aibu, ngojeni niwafungue masikio. Injili ya Yohana, sura ya 15, Yesu anajifananisha na mzabibu, na Baba yake anamwita nani? Mkulima. Fungua Kigiriki chake, neno ni lilelile, georgos. Mungu mwenyewe kakubali kuitwa Joji, wewe konda wa daladala unaona ushamba! Ila kwa uadilifu niseme pia, katika Mathayo sura ya 21, wale wapangaji wa shamba waliomwua mrithi ili wajimilikishe nao wanaitwa neno hilohilo. Kwa hiyo kina Joji mko wa aina mbili, kila mmoja ajichunguze.

Yule aliyekimbia shamba kuliko wote ni Yuri Gagarin. Mtoto wa kijijini, baba seremala, mama kafanya kazi kwenye ng'ombe wa maziwa wa shamba la ushirika. Tarehe 12 Aprili 1961 akapaa, akaizunguka dunia, safari nzima dakika 108. Binadamu wa kwanza angani! Ukoo mzima wa kina Joji toka Wagiriki hakuna aliyewahi kuikimbia ge umbali huo. Akatoka kwenye chombo, akateremka kwa parachuti, na ardhi ikamsubiri. Mnajua alidondokea wapi? Shambani, karibu na mto Volga. Na watu wa kwanza kumwona walikuwa bibi mmoja na mjukuu wake, wanapanda viazi. Wakatishika na lile vazi lake la rangi ya machungwa, wakaanza kurudi nyuma, ikabidi ajieleze kuwa ni mtu wa kwao. Bila shaka bibi yule alimtazama, akatazama na viazi vyake vilivyokanyagwa, na kama ni bibi kama hawa wetu, swali lake la kwanza halikuwa kuhusu mbinguni.

Kwa hiyo, Baba Joji, sikwambii ubadili jina. Jina jema hung'aa gizani, na hili ni jema, wenye nalo ndio wanalizima. Ninachotaka ni umwambie kijana ukweli siku moja, hata ukinong'ona. Umwambie babu yake wa jembe ndiye Joji halisi wa ukoo wenu, ingawa alibatizwa Simoni. Maana ilivyo sasa, wanaotulisha wanaitwa Masanja na Mwanaidi, na kina Joji wote wamejazana mjini wakisubiri bei ya unga ishuke. Kule kijijini Masanja naye amekalia magunia anasubiri bei ya mahindi ipande. Na wote wawili, jioni, wanasikiliza redio moja inayosema kilimo ni uti wa mgongo. Mchew!